Kesi ya haki za kiraia kutoka gerezani Marekani, bila wakili: tarehe za kushika hatua kwa hatua

Mfungwa aliyepigwa na askari magereza, aliyenyimwa dawa au kuzuiwa kusali anaweza kuwashtaki wahusika yeye mwenyewe, bila wakili, katika Mahakama ya Wilaya ya Shirikisho. Kwa watumishi wa jimbo, kaunti au mji, mlango ni kifungu cha 1983 cha Sura ya 42 ya sheria za Marekani. Majaji wanatakiwa kuyasoma maandishi ya mtu kama huyu kwa upole. Kiingereza kibovu, hati ya mkono na hoja zilizopangwa ovyo havimwangushi. Lakini upole huo haufiki kwenye tarehe. Mwaka 1993, katika shauri la McNeil, Mahakama ya Juu ilimfungia mlango mfungwa asiye na wakili kwa sababu alifungua kesi kabla ya kupeleka kwanza dai lake kwa idara husika, ikasema wazi kuwa kutokuwa na wakili hakumfutii mtu kosa la utaratibu.

Mwongozo huu ni wa aliye ndani na wa ndugu aliye nje. Familia nyingi kutoka Kongo na Burundi zimehamia Kentucky, Texas na Maine, na ndugu wa nje huwa ndiye mwenye simu, intaneti na ofisi ya posta. Anaweza kusaidia sana. Kitu kimoja asifanye: asisaini hati yoyote kwa niaba ya mfungwa. Hati za mahakama husainiwa na mdai mwenyewe au wakili wake, na ndugu si wakili.

Hatua ya 1: Lalamiko la ndani, linalohesabiwa kwa siku

Watu huanza kuulizia muda wa kufungua kesi, wakaambiwa miaka miwili, wakatulia. Hapo ndipo kesi nyingi zinapofia. Sheria ya mwaka 1996 ya kudhibiti kesi za wafungwa inamtaka mfungwa amalize kwanza ngazi zote za malalamiko za gereza lake, na ngazi hizo zina siku zake, fupi sana.

Katika magereza ya jimbo la Texas una siku 15 tangu tukio kupeleka fomu ya ngazi ya kwanza, kisha siku 15 tangu jibu kupeleka ya ngazi ya pili. New York ni siku 21 za kalenda tangu tukio, na kila rufaa baada ya hapo ni siku 7. Magereza ya shirikisho hutumia fomu zenye namba: BP-9 ndani ya siku 20 tangu tukio, BP-10 kwa ofisi ya kanda ndani ya siku 20 tangu mkuu wa gereza asaini jibu, na BP-11 kwa makao makuu ndani ya siku 30. Jela za kaunti nazo zina utaratibu wao, umeandikwa kwenye kijitabu anachopewa mahabusu anapoingia. Kiombe siku hiyohiyo, na uombe kwa maandishi.

Mwaka 2006, katika shauri la Woodford dhidi ya Ngo, Mahakama ya Juu ilisema kumaliza ngazi maana yake ni kuzimaliza inavyotakiwa na kwa wakati. Lalamiko lililochelewa likakataliwa kwa kuchelewa ni sawa na ambalo halikuandikwa. Haijalishi pia kwamba unataka fidia ya fedha na gereza halitoi fedha. Bado unapanda ngazi zote.

Hapa kuna makosa matatu yanayorudi kila mara. La kwanza ni kuishia ngazi ya kwanza baada ya kupata jibu zuri la maneno matupu. La pili ni kusubiri jibu lisilokuja. Kanuni za magereza mengi, yakiwemo ya shirikisho, zinasema muda wa kujibu ukipita bila jibu, ichukuliwe umekataliwa, na siku zako za ngazi inayofuata zinaanza hapo. La tatu ni kuandika mambo manne kwenye fomu moja mahali ambapo kanuni inataka jambo moja kwa fomu moja. Fomu inarudishwa, na siku zinazidi kuyoyoma.

Askari akikunyima fomu, akiichana au akikutishia, sheria ina nafasi kwa hilo. Katika Ross dhidi ya Blake, mwaka 2016, mahakama ilikubali kwamba utaratibu usiofanya kazi kabisa, usioeleweka na mtu wa kawaida, au unaozuiwa kwa vitisho na udanganyifu, huhesabiwa kuwa haupo. Lakini utatakiwa kuonyesha. Andika siku hiyohiyo: tarehe, saa, jina la askari, maneno aliyosema, nani alisikia. Kisha ombe fomu tena kwa barua ya ndani na ubaki na nakala. Kama hukuruhusiwa kutoa nakala kwa mashine, nakili kwa mkono neno kwa neno.

Hatua ya 2: Muda wa kufungua kesi

Kifungu cha 1983 hakina ukomo wake. Huazima ule wa kesi za majeraha ya mwili wa jimbo palipotokea tukio. Kentucky na Tennessee ni mwaka 1. Texas, Ohio na Arizona ni miaka 2. New York na Michigan ni miaka 3. Maine na Minnesota ni miaka 6. Louisiana ilikuwa mwaka 1, ikawa miaka 2 kwa matukio ya kuanzia Julai 1, 2024. Aliyehamishwa kutoka Maine kwenda Kentucky anatazama jimbo la tukio, si la gereza alilolala leo.

Saa huanza siku ulipojua, au ulipopaswa kujua, kwamba umedhuriwa. Mahakama nyingi za rufaa zimekubali kuwa saa husimama wakati unapanda ngazi za malalamiko. Usiipangie kesi yako juu ya hilo. Hesabu kana kwamba saa haikusimama hata siku moja, na ule muda wa kusimama uuache kuwa akiba.

Usiwaandike wadaiwa kwa jina la "askari asiyejulikana" ukadhani utarekebisha baadaye. Mahakama nyingi za rufaa zinasema kutolijua jina si kosa la kuandika jina, kwa hiyo jina halisi likiongezwa baada ya ukomo, mdaiwa huyo anatoka. Jina litafutwe mapema: kwenye ripoti ya tukio, rejista ya zahanati, karatasi ya nidhamu.

Kwa magereza ya shirikisho njia kuu ni nyingine. Dai la uzembe dhidi ya serikali hupelekwa kwanza kwa idara kwa fomu SF-95 ndani ya miaka 2, na likikataliwa kesi hufunguliwa ndani ya miezi 6 tangu barua ya kukataa ilipotumwa.

Hatua ya 3: Ada

Ada kamili ya kufungua ni dola 405. Mfungwa akikubaliwa kulipa kidogokidogo, anadaiwa dola 350, na atazilipa zote hata akishindwa. Anaambatisha maombi ya kutokuwa na uwezo wa kulipa ada pamoja na taarifa ya akaunti yake ya gerezani ya miezi 6 iliyopita, iliyothibitishwa na ofisi ya gereza.

Hesabu yake ni hii. Tuseme kwa miezi 6 umekuwa ukiingiziwa wastani wa dola 60 kwa mwezi, na salio lako la wastani ni dola 25. Inachukuliwa kubwa kati ya hizo mbili, dola 60, na asilimia 20 yake ni dola 12. Hiyo ndiyo malipo ya kwanza. Baada ya hapo, kila salio linapozidi dola 10, gereza linakata asilimia 20 ya mapato ya mwezi uliotangulia. Ukiingiziwa dola 50 kila mwezi, zinaondoka dola 10, na deni lililobaki la dola 338 litachukua karibu miaka mitatu. Ndugu anayetuma pesa alijue hili mapema. Kesi mbili zikiwapo, makato nayo ni mawili kwa mpigo.

Taarifa ya akaunti ndiyo inayochelewesha wengi, kwa sababu ofisi ya uhasibu huijibu inapotaka. Iombe mwezi mzima kabla. Ikiwa ukomo umekaribia na haijatoka, peleka hati ya madai bila hiyo. Karani haruhusiwi kuikataa kwa sababu ya kasoro ya umbo, na mahakama kwa kawaida itatoa amri ya kukamilisha, mara nyingi ndani ya siku 30. Ukipuuza amri hiyo, kesi inafutwa.

Kesi tatu zikitupwa kwa kuwa za ovyo, za hila au zisizo na dai la kisheria, hutakubaliwa tena kulipa kidogokidogo isipokuwa uko kwenye hatari ya karibu ya kuumia vibaya. Ndiyo maana hati ya haraka-haraka, ya kuweka nafasi tu, ni ghali.

Hatua ya 4: Kukabidhi, na kuthibitisha umekabidhi

Fomu ya hati ya madai ya mfungwa inaitwa Pro Se 14. Karani huitoa bure. Andika kwenye ukurasa wa kwanza kabisa kwamba unadai kesi isikilizwe na baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi (kwa Kiingereza, jury). Ukisahau, una siku 14 tu baada ya utetezi wa mwisho kuwasilishwa, kisha haki hiyo imepotea.

Mfungwa hana gari la kumpeleka masjala, kwa hiyo hati yake huhesabiwa imewasilishwa siku aliyoikabidhi kwa askari ipelekwe posta. Kanuni hii ilitokana na shauri la Houston dhidi ya Lack, mwaka 1988. Mfungwa alikabidhi notisi ya rufaa siku ya 27, karani akaigonga muhuri siku ya 31, siku moja baada ya muda kwisha. Kilichomwokoa ni daftari la barua la gereza lililoonyesha siku ya 27.

Kwa hiyo tumia mfumo wa barua za kisheria kama upo, si sanduku la barua za kawaida. Ukurasa wa mwisho uwe kauli fupi kwa Kiingereza: tarehe uliyokabidhi, kwamba gharama ya stempu imelipwa, na kwamba unasema hayo chini ya adhabu ya kusema uongo. Saini, tarehe, namba yako ya mfungwa. Haihitaji muhuri wa kamishna wa viapo. Ukimpa ndugu bahasha wakati wa kutembelewa aende kuiposti, kinga hii haipo tena. Hapo inahesabiwa siku iliyofika kwa karani.

Ushahidi ulioandikwa kwa Kiswahili, kama barua ya shahidi, uambatane na tafsiri ya Kiingereza na kauli iliyosainiwa ya aliyetafsiri.

Hatua ya 5: Mchujo, samansi na anwani yako

Kabla mdaiwa hajaambiwa lolote, jaji huichuja kesi. Hatua hii haina muda maalumu na inaweza kuchukua miezi. Ukiruhusiwa kurekebisha hati, amri itataja siku. Kumbuka kwamba hati mpya inaifuta ya zamani yote. Ukiandika "kama nilivyosema kwanza" na kuongeza aya mbili, madai mengine yote yametoka kesini.

Hati ikipita, siku 90 za kumfikishia kila mdaiwa samansi huwa zinahesabiwa tangu kufunguliwa kwa kesi. Aliyekubaliwa kutolipa ada yote hupelekewa na maofisa wa Marshal, walinzi wa mahakama za shirikisho, lakini wao hutumia fomu USM-285 uliyoijaza wewe, moja kwa kila mdaiwa. Fomu yenye "Sajini Smith, gerezani" inarudi bila kufika. Ikirudi, iandikie mahakama mara moja ukieleza juhudi zako na kuomba siku ziongezwe.

Mdaiwa akipokea samansi ana siku 21 za kujibu, au 60 kama amekubali kuipokea bila kupelekewa. Usikimbilie kuomba ushindi kwa kuwa amekaa kimya. Sheria ya 1996 inamruhusu asijibu hadi mahakama imwamuru. Akijibu, au akiomba kesi ifutwe, una siku 21 za kurekebisha hati yako mara moja bila kuomba ruhusa, kama hujaitumia nafasi hiyo.

Ukihamishwa gereza, barua ya kubadili anwani itoke siku ya kwanza utakapopata kalamu, yenye namba ya kesi. Usitegemee gereza la zamani kukutumia barua. Amri ikirudi mahakamani kwa kukukosa, kesi hufutwa kwa kutofuatiliwa. Ndugu wa nje anaweza kulitazama jalada kwenye PACER, mfumo wa majalada ya mahakama za shirikisho kwenye intaneti: senti 10 kwa ukurasa, hati moja haizidi dola 3, na matumizi yasiyozidi dola 30 kwa robo mwaka hayalipiwi. Akiangalia kila wiki na kumsomea mfungwa mistari mipya kwa simu, wanapata siku kadhaa ambazo posta ingezila.

Namna ya kuhesabu siku

Siku ya tukio haihesabiwi. Kuanzia kesho yake hesabu kila siku, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Siku ya mwisho ikiangukia wikiendi au sikukuu ya kisheria, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Ukiwa umetumiwa hati kwa posta, ongeza siku 3 mwishoni.

Chukua mfano. Hakimu anayemsaidia jaji (magistrate judge) ametoa mapendekezo kuhusu kesi yako, na yametiwa posta Alhamisi, Machi 5, 2026. Una siku 14 za kuyapinga. Siku ya 1 ni Ijumaa, Machi 6, na ya 14 ni Alhamisi, Machi 19. Ongeza 3: Jumapili, Machi 22. Inasogea hadi Jumatatu, Machi 23. Sasa angalia bahasha. Imekufikia Jumatano, Machi 11, ukahesabu siku 14 tangu uliposaini kuipokea, ukapata Machi 25. Umechelewa siku mbili. Kilichotumwa kwa posta huhesabiwa kimefika siku kilipotumwa, si siku ulipokishika mkononi. Bahasha yenye muhuri wa posta usiitupe.

Ukiona hutaweza, omba kuongezewa muda kabla ya siku ya mwisho, ukitaja tarehe iliyopo, unayoitaka, na sababu yenye tarehe: maktaba ya sheria ilifungwa kuanzia siku fulani hadi siku fulani, wafungwa hawakutolewa seli kwa siku kadhaa. Kabla ya muda kwisha inatosha kuwa na sababu nzuri. Ukishapita, lazima uonyeshe uzembe unaosameheka, na huo ni mlima. Wala usinyamaze ukisubiri jibu: endelea kuandika kana kwamba umekataliwa.

Hatua ya 6: Ushahidi na maombi ya kumaliza kesi

Amri ya ratiba itataja siku ya mwisho ya kukusanya ushahidi. Maswali ya maandishi, yasiyozidi 25 kwa kila mdaiwa, na maombi ya nyaraka hujibiwa ndani ya siku 30, kwa hiyo yakitumwa wiki mbili kabla ya kufungwa hayajibiwi. Yatume angalau siku 45 kabla. Video ya kamera za gereza iombwe ihifadhiwe mapema zaidi, kwa barua, hata kabla ya kesi, kwa sababu hufutwa.

Wewe nawe utaletewa hati ya hatari: maombi ya kukiri. Yanaonekana kama orodha ya sentensi tu. "Kiri kwamba hukupeleka rufaa ya ngazi ya pili." Usipojibu ndani ya siku 30, kila sentensi inahesabiwa umekiri, na sentensi hiyo moja inatosha kuifuta kesi. Jibu kila namba: nakiri, nakana, au sijui kwa sababu hii.

Kisha watakuja wadaiwa na maombi ya hukumu bila kusikiliza mashahidi, mara nyingi wakidai hukumaliza ngazi za malalamiko. Siku za kujibu zinatoka kwenye kanuni za mahakama hiyo au amri ya jaji. Zitafute mara moja. Manung'uniko hayajibu maombi hayo. Yanajibiwa na maelezo yako uliyosaini chini ya adhabu ya kusema uongo, nakala za fomu, majina na tarehe. Mwaka 2025, katika Perttu dhidi ya Richards, Mahakama ya Juu ilisema kwamba pale ugomvi kuhusu malalamiko umefungamana na dai lenyewe, wazee wa mahakama ndio waamuzi. Ndipo ule mstari wa ukurasa wa kwanza, wa kudai wazee wa mahakama, unapolipa.

Hakimu akipendekeza kesi ifutwe, zile siku 14 ni zako za kuweka pingamizi kwa jaji. Taja ukurasa na jambo unalopinga. Pingamizi la jumla halisaidii, na ukikaa kimya, katika maeneo mengi umeipoteza na haki ya kukata rufaa.

Hatua ya 7: Hukumu na rufaa

Hapa hakuna siku 3 za posta. Siku 28 za kuomba jaji abadili hukumu zinahesabiwa tangu ilipoingizwa kwenye jalada, na jaji hana uwezo wa kuziongeza hata akitaka. Ombi lililowahi linasimamisha saa ya rufaa hadi liamuliwe. Lililochelewa halisimamishi kitu.

Rufaa ni siku 30, au 60 kama serikali ya shirikisho au ofisa wake ni upande katika kesi. Zikipita, una siku 30 nyingine za kuomba kuongezewa kwa sababu maalumu. Kama hukuletewa taarifa ya hukumu, unaweza kuomba mlango ufunguliwe tena ndani ya siku 14 tangu uipate, mradi siku 180 hazijapita tangu hukumu. Ukikubaliwa unapewa siku 14. Kwenye shauri la Bowles dhidi ya Russell, mwaka 2007, jaji alikosea akaandika tarehe iliyofanya siku 17. Mfungwa akaleta rufaa ndani ya tarehe ya jaji lakini nje ya 14, na Mahakama ya Juu ikaitupa. Kwa hiyo hesabu mwenyewe hata pale jaji amekuandikia tarehe. Tangu shauri la Parrish la 2025, notisi iliyochelewa iliyoletwa kabla mlango haujafunguliwa tena haihitaji kurudiwa ukishafunguliwa.

Notisi yenyewe ni ukurasa mmoja: nani anakata rufaa, dhidi ya hukumu ya tarehe gani, kwenda mahakama ipi ya rufaa. Hupelekwa kwa karani wa Mahakama ya Wilaya ileile iliyotoa hukumu. Ada ni dola 605, na mfungwa hukatwa kidogokidogo kama kwanza. Usichelewe kwa kukosa ada wala kwa kutaka kuandika hoja. Hoja zina siku zake baadaye. Ikabidhi pamoja na ile kauli ya tarehe, na mwambie askari aiandike kwenye daftari la barua ukiwa umesimama pale.